Khofu na Taraja: Mbawa Mbili za Ndege wa Elmenteita

Waliotutangulia walinena kwamba ya kesho ayajua Mwenyezi Mungu, na hapana Mwislamu wa pwani asiyelikariri neno hilo, mdogo kwa mkubwa. Lakini kulikariri neno ni jambo moja, na kujua namna ya kuishi nalo ni jambo jingine. Mimi nalijua tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, nimekaa jamvini na ubao mapajani. Hata hivyo ilinibidi nipande bara mpaka Gilgil, mwezi wa Machi, katika baridi ya asubuhi, ndipo nikamwona mtu akilifanyia kazi.

Gilgil ni mji mdogo baina ya Naivasha na Nakuru, kiasi cha meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wazee wetu waliujua kwa gari la moshi. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 yapita hapo, na mwaka 1929 pakachipuka tawi la kwenda Thomson's Falls, ambako siku hizi huitwa Nyahururu. Leo wengi wetu huupita Gilgil usiku ndani ya basi, shuka kichwani, tukaamka tumekwisha fika Nakuru. Nami ningeupita vivyo hivyo lau si shughuli iliyonilaza hapo siku mbili.

Asubuhi ya kwanza nilijibanza mbele ya duka la mbegu kukimbia manyunyu. Ndani alikuwamo mama mmoja, mtu mzima, ameshika noti zilizokunjwa, akizihesabu mara ya pili na ya tatu. Mwenye duka alikwisha mpangia juu ya meza pakiti tano za mahindi, za kilo mbili mbili, maana hizo ndizo zinazotosha eka moja. Mama akazitazama, akarudisha mbili, akabaki na tatu.

Kwa kuwa kazi ya mwandishi ni kuuliza yasiyomhusu, nilimwuliza kwa adabu kama mbegu zimepanda bei.

"Mzee, si bei," akanijibu. "Fedha hizi ni za mbuzi wangu wawili. Shamba langu lina juu na lina chini. Mwaka 2022 mvua ilipokosa, juu sikuvuna hata punje. Chini karibu na korongo nikapata magunia mawili. Mwaka 2024 mvua ilipozidi, chini pakazolewa pote pamoja na udongo wake, juu nikavuna. Sasa kijana wangu aliye Nairobi ananipigia simu kila Jumapili, aniambia mama uza, dunia imeharibika, hapana ukulima tena. Na shemeji yangu aja kila jioni, aniambia kopa, lima lote, mwaka huu ni wa neema. Wote wawili wananieleza habari za kesho kama watu waliolala huko wakarudi. Mimi sijafika."

Neno hilo nimeliandika kama alivyolisema, kwa sababu sijapata kulisikia vizuri zaidi. Niliondoka nalo, na siku ile nzima likawa ndilo linalonitembeza.

ZIWA LENYE JINA LA VUMBI

Ukitoka Gilgil ukishika barabara ya Nakuru, ukapita wachoma nyama wa Kikopey, mara nchi yashuka mbele yako na Ziwa Elmenteita lang'aa chini kama sinia la fedha. Ni ziwa la magadi, kina chake kifupi, na tangu mwaka 2011 limo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Jina lake, kama inavyosemwa, latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Yaani wachungaji wa kale walilijua ziwa hili katika miaka ambayo lilikuwa halina maji, upepo ukivuma chumvi na mchanga, na wakaliita kwa hali hiyo ili watoto wao wasisahau.

Sasa tazama upande wa pili. Papo hapo, mwendo mfupi kutoka maji yalipo, ni Kariandusi. Hapo ndipo Louis Leakey alipogundua mwaka 1928 mashoka ya mawe ya watu wa kale mno, mengine yamechongwa kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Na hapo pana mlima wa udongo mweupe, mwepesi kama unga, unaochimbwa kwa miaka mingi. Wataalamu watwambia kwamba udongo huo ni magamba ya mimea midogo ya majini, midogo hata jicho haliioni, iliyokufa ikatuama chini ya ziwa tabaka juu ya tabaka. Maana yake, hapo palipo pakavu leo palikuwa vilindi. Na yapata miaka 10,000 iliyopita Elmenteita na Nakuru yalikuwa ziwa moja.

Basi ziwa moja lina mashahidi wawili. Jina lake lashuhudia ukavu, na udongo wake washuhudia gharika. Ni nani katika sisi angeweza kusimama kando yake akasema kwa yakini, kesho itakuwa hivi?

Lakini watu walisema, na karibuni tu. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote, na mwaka 2009, katika ukame mkali, Naivasha likarudi nyuma sana. Pakatokea makundi mawili. Kundi moja likalia kwamba maziwa ya Bonde la Ufa yamekufa. Kundi jingine likaona kheri yake: ufukwe mpya umepatikana, ardhi tambarare, laini, na karibu na maji. Wakalima, wakajenga, wakapangisha.

Kisha maji yakarudi. Kuanzia kiasi cha mwaka 2010 maziwa yakaanza kujaa, mwaka baada ya mwaka, bila haraka. Nakuru likameza lango kuu la mbuga yake. Mwaka 2020 maji ya Naivasha yakaingia mtaa wa Kihoto, watu wakahama na magodoro vichwani. Mwaka 2021 serikali ikatoa ripoti kwamba watu karibu 400,000 nchini walikuwa wameguswa na kufura kwa maziwa, ikataja sababu zake: mvua nyingi, nchi iliyokatwa miti udongo ukasombwa, na mienendo ya ardhi yenyewe chini ya bonde hili lililopasuka.

Waliolilia ziwa walikosea, na waliojenga juu ya kitanda cha ziwa walikosea pia. Wa kwanza walikata tamaa mapema, na wa pili walitumaini mahali ambapo jina lenyewe la nchi na udongo wake uliwaonya.

WATABIRI WALIPOTUTULIZA

Msomaji wa Mombasa asicheke watu wa Naivasha, maana nasi yalitufika. Mwaka 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kukosa mfululizo katika sehemu kavu za nchi, Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba El Nino yaja. Wako waliokumbuka mafuriko ya 1997 na 1998 wakatetemeka. Wako waliokumbuka mwaka 2015, tulipotishwa kwa El Nino na mvua isifikie ile ya zamani, wakasema hawa wametuzoea. Kisha mwanzoni mwa Oktoba wakubwa wa nchi wakatoka hadharani kuwatuliza watu, kwamba mvua itazidi kiasi, lakini yale maangamizi yaliyokuwa yakihofiwa hayapo.

Watu wakashusha pumzi, na mitaro iliyokuwa izibuliwe ikabaki imeziba. Novemba ilipoingia, mvua ilishuka juu ya Mombasa, Kwale, Tana River na kwingineko, barabara zikakatika, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini. Masika yaliyofuata hayakuwa na huruma. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu upande wa Naivasha, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, njia yake ya kupitia imezibwa na magogo na takataka, yalipasua yakashuka juu ya watu waliolala. Zaidi ya 40 walikufa.

Silitaji hili kwa kumlaumu mtu. Mwenye kutabiri aweza kukosea, naye ni mja. Nataka tuone jinsi ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Khofu ya mwaka 2015 ilipoonekana imepita kiasi, ilizaa uzembe wa mwaka 2023. Mtu aliyetishwa mara moja bure huona haya kuogopa mara ya pili. Ndivyo tunavyorushwa, mara huku mara kule, kama ngarawa iliyopoteza mzani wake.

INSHALLAH NA UCHURO

Sisi watu wa pwani tuna maneno mawili ambayo, tukiyatumia vibaya, yatuangamiza.

La kwanza ni Inshallah. Mwite fundi aje kuziba paa kabla ya mwaka, naye atakwambia Inshallah, na wewe umekwisha jua kwamba haji. Tumelifanya jina la Mola kuwa mlango wa kutokea. Ilhali tukirudi kwenye Suratul-Kahf, ambako adabu hiyo yatoka, tutaona kwamba agizo lamhusu mtu anayesema juu ya jambo kwamba atalifanya kesho. Huyo ndiye atakiwaye aliambatishe jambo lake na utashi wa Mungu. Yaani Inshallah yaja baada ya kusema nitafanya. Ni taji la azma. Asiyekuwa na azma hana kichwa cha kuvisha taji hilo.

La pili ni uchuro. Mtoto akisema, mama, hii nguzo imeliwa na mchwa, yaweza kuanguka, atapigwa kofi la mdomo: nyamaza, usituletee uchuro! Twaamini kwamba kulitaja baya ni kulialika. Ni kweli kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipenda fali njema na neno zuri. Lakini fali njema si kuifumbia macho nguzo iliyoliwa. Nguzo hiyo haitusikii tunaponyamaza.

Wazee wetu wa baharini hawakuwa hivyo. Nahodha wa jahazi alizijua nyakati zake, kaskazi na kusi, akihesabu siku zake tangu Nairuzi. Kusi ilipochachamaa, mwezi wa Juni na Julai, chombo kilipandishwa pwani, kikatiwa kalafati, kikapakwa sifa. Ulipofika wakati wa kusafiri, alichukua nanga ya akiba na kamba ya akiba, akamweka baharia wa kufua maji ya ngama usiku na mchana. Kisha ndipo ikasomwa Fatiha, akasema tawakaltu, akatweka tanga. Hakuna aliyemwambia kwamba nanga ya pili ni uchuro. Wala hakuna aliyemwambia kwamba, madhali bahari ina mawimbi, basi abaki nyumbani. Mtume mwenyewe alipoulizwa na mwenye ngamia, amfunge au amwache amtegemee Mungu, alimfundisha afunge kwanza kisha ategemee, kama alivyopokea Tirmidhi.

MKULIMA WA IMAM GHAZALI

Jambo hili lilishughulikiwa zamani na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya Ulumiddin alitenga kitabu kizima cha khofu na taraja, na ajabu ni kwamba mfano alioutoa ni wa mkulima.

Kwa maelezo yake, mtu aliyechagua ardhi njema, akatia mbegu nzima, akamwagilia kwa wakati, akapalilia, kisha akaketi kungoja fadhila za Mola zimkinge na dhoruba na wadudu, kungoja kwake ndiko kunakoitwa taraja. Aliyetupa mbegu katika ardhi ngumu isiyofikiwa na maji, asiitazame tena, akangoja mavuno, huyo hana taraja, amedanganyika. Na aliyepanda ardhi nzuri isiyo na maji, akangoja mvua wakati usio wake, huyo anatamani tu. Watu watatu, wote wamekaa wakingoja, wote wasema Mungu ni karimu. Kinachowatenga ni walichokifanya kabla ya kukaa.

Tena Imamu aliona kwamba khofu na taraja ni dawa, na dawa hupewa mtu kwa ugonjwa wake. Aliyekata tamaa hapewi khofu, maana utamuua, hupewa taraja. Aliyejiaminisha kupita kiasi hapewi taraja, hupewa khofu. Hapa ndipo wengi tukosapo. Twadhani wastani ni kutia nusu kwa nusu katika kila kikombe. Tukimzuru mgonjwa aliye taabani, hatumhesabii makosa yake. Twamfungulia mlango wa rehema, kwa kuwa tumefunzwa kwamba mja asife ila amemdhania Mola wake mema. Lakini kijana anayejenga nyumba kwenye mkondo wa maji eti mvua haijapata kufika hapo, huyo atishwe, tena atishwe na ndugu zake kabla mto haujamtisha.

Masheikh waliifananisha khofu na taraja na mbawa mbili za ndege: zikilingana, ndege huruka sawasawa; moja ikipungua, huyumba; zikitoweka, hana uhai. Nami nilipokuwa nimesimama juu ya Elmenteita niliwaona mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo. Ndege hawa hutaga na kulea katika visiwa vya mawe vya ziwa hili, ambako fisi na mbweha hawafiki. Lakini samaki wao huwafuata Nakuru, kwa mwendo wa mbawa, kisha wakarudi kuwalisha makinda. Maji yakipungua mno, visiwa huungana na nchi kavu na adui akapita kwa miguu. Maji yakizidi mno, viota huzama. Hata hivyo hawakuacha kutaga, wala hawatagi ufukweni.

MTARO, MAHARAGWE NA DEBE MBILI

Siku ya pili yule mama alinikaribisha kwake nikaone shamba. Nilikwenda, nikanywa chai ya maziwa yenye moshi, kisha tukashuka kondeni. Juu, kwenye mteremko, alikuwa amekwisha lainisha udongo kwa ajili ya zile pakiti tatu. Kukingama na mteremko amechimba mtaro, kina chake kama goti, ili maji yakizidi yapate njia na yakipungua yatuame. Chini, karibu na korongo, hatapanda mahindi. Atatia maharagwe, ambayo mbegu yake anayo mwenyewe ya mavuno yaliyopita, na hukomaa upesi. Yakizolewa, amepoteza jasho lakini hakupoteza mbuzi.

Nilimwuliza, na mvua ikiwa nzuri, hutajuta zile pakiti mbili ulizorudisha?

Akacheka. "Nitajuta, mzee. Lakini hayo ni majuto ninayoyaweza. Nikikopa kama asemavyo shemeji, halafu mvua ikatae, yale siyawezi."

"Na ukikosa juu na chini?"

Hapo hakucheka. Akanionyesha kwa kidole ghala yake ndogo ya mbao, iliyoinuliwa juu ya mawe. "Mle mna debe mbili za mahindi makavu, sikuuza. Na mbuzi mmoja jike amebaki, ana mimba. Hatutakula sana. Lakini tutakula."

Yule mama si wa dini yetu, na Ihya hajaisikia. Lakini nilipoiona ile ghala nilimkumbuka Nabii Yusuf, amani imshukie, alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri. Hakuwaambia watu waiogope njaa ya miaka saba wakaketi kulia, wala hakuwaambia washerehekee miaka saba ya neema. Aliwaambia walime kwa bidii, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake ila kidogo cha kula. Aliyajua yajayo kwa wahyi, na bado alichokifanya nayo ni kazi ya ghala. Sisi tusioletewa wahyi tuna sababu gani ya kufanya chini ya hapo?

Nikamwuliza habari za kijana wake wa Nairobi. "Nimemwambia aje mwisho wa mwezi tupande pamoja," akasema. "Akitaka kuniambia shamba limekufa, aniambie jembe liko mkononi mwake."

Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume alifundisha kuwa hata Kiyama kikisimama, na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Zamani nilipoyasoma haya nilidhani ni habari ya matumaini makubwa. Gilgil nimeyaelewa vingine. Mtu huyo haambiwi kwamba mche utaota. Huenda usiote. Aambiwa tu kwamba mkono wake una kazi, na kazi hiyo haikufutwa na anachokiogopa wala na anachokitumaini.

Niliondoka Gilgil usiku kwa basi, na safari hii sikulala. Nilipofika nyumbani nilipanda juu ya paa nikaitazama ile sehemu inayovuja, ambayo kwa miaka miwili nimekuwa nikiiambia Inshallah. Nimekwisha nunua mabati. Nanyi wasomaji wangu, ambao bila ya beti mbili tatu hamuoni kwamba nimeandika, pokeeni haya:

Mwenye kungoja neema, na jembe li ukutani,
Na mwenye khofu ya zama, akaketi kwa huzuni,
Wote wawili si wema, wamelala safarini,
Mkono shika jembelo, moyo mwachie Manani.

Ndege hupaa kwa mbawa, mbili zilizo mwilini,
Moja ukiiondowa, huanguka mara chini,
Khofu na taraja sawa, ndiyo mizani ya dini,
Mkono shika jembelo, moyo mwachie Manani.